TV ya uani: benchi la mwisho liko mita 6.5, nichukue inchi ngapi?

#1 Kibaraza Kimara
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kupaua uani kwangu hapa Kimara na sasa nataka TV ya kukaa nje moja kwa moja, siyo kuibeba ya sebuleni kila Simba na Yanga wakikutana.

Vipimo ni hivi. Itakaa kwenye ukuta wa jiko la nje. Kutoka ukutani hadi viti vya mbele ni mita 3, hadi benchi la mwisho mita 6.5. Bati limetoka mita 2 mbele ya ukuta huo, na ukuta unaangalia magharibi. Jioni tunafika watu 12. Baba yangu, mzee wa miaka 71, ndiye anayekaa nyuma kabisa kwa sababu hapendi moshi wa jiko.

Shemeji anasema 43 inatosha, nikizidisha nitawaumiza watoto macho. Muuzaji Kariakoo ananiapia kuwa chini ya 75 nitajuta. Kati yao kuna pesa nyingi sana. Nani yuko sahihi?

#2 Mwana Temeke
55. Kwetu tunaangalia kumi kwenye 55 na hakuna aliyelalamika. Nunua, funga, tukaribishe.

#3 Hesabu Kwanza
Mkuu #1, usianze na inchi, anza na kimo cha picha. Inchi za TV hupimwa kona kwa kona, lakini kinachomsaidia mtu wa mbali kusoma matokeo ni urefu wa kwenda juu. Kwa TV za siku hizi, 43 ina kimo cha sm 54, 55 ina sm 68, 65 ina sm 81, 75 ina sm 93, na 85 ina sm 106.

Wanaofunga skrini kwenye kumbi na madarasa wana kanuni yao ya siku nyingi: mtu wa mwisho asizidi kimo mara 8 kama anatazama picha tu, na asizidi mara 6 kama anatakiwa kusoma. Benchi lako liko mita 6.5. Gawa kwa 8, unapata sm 81, ambayo ni 65 kamili. Gawa kwa 6, unapata sm 108, hapo umeipita hata 85. Ile 43 ya shemeji inaishia mita 4.3 hata kwa kanuni iliyolegea.

Kwa hiyo swali ni moja: mzee anatazama au anasoma?

#4 Mama Wawili Tabata
Anasoma! Mpira bila kujua dakika na matokeo ni mpira gani? Kwenye kipaimara cha mwanangu tulitoa 32 ya sebuleni tukaiweka kwenye meza uani. Wajomba waliokaa nyuma waliuliza "ngapi ngapi?" mechi nzima, mpaka kijana mmoja akasimamishwa pembeni ya TV kazi yake ikawa kutangaza dakika. Tangu siku ile nasema TV ya nje iwe kubwa kuliko ya ndani, hata kama ya ndani ni nzuri. Nje watu hawakai karibu, kila mmoja anavuta kiti kwenye upepo.

#5 Fundi Dari
Nafunga TV na madishi tangu 2011, naomba niseme wazi. Ukubwa si tatizo lako la kwanza. Tatizo ni maneno uliyoyapitia haraka: "ukuta unaangalia magharibi". Kuanzia saa 10 jioni jua linashuka, linapita chini ya hilo bati la mita 2 na kukipiga kioo moja kwa moja.

Sebule yenye taa ina mwanga wa lux 100 hadi 300 hivi. Kivuli cha nje mchana kinaweza kufika lux 10,000, na jua lenyewe lux 100,000. TV ya kawaida ya ndani hutoa niti 250 hadi 400 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo chenyewe). Weka hata ya inchi 85 pale, saa 11 jioni utaona ukuta wa jirani na mti wa mwembe ndani ya kioo, mpira huuoni.

Na jua likipiga kioo kwa muda, kimiminika kilichomo kinapata joto kupita kiasi na kioo kinatoa doa jeusi katikati. Kikipoa linaondoka, ila ukirudia kila siku unaiua TV mwenyewe.

Zipo TV zilizotengenezwa kwa ajili ya nje. Samsung walitoa The Terrace mwaka 2020, za inchi 55, 65 na 75, mwanga wa hadi niti 2,000 na kinga ya IP55, yaani vumbi halijazani ndani na maji ya kurushwa hayaingii. Bei yake inanunua TV kadhaa za ndani za ukubwa uleule. Kwa wengi wetu jibu ni kuhamisha ukuta.

#6 Mwana Temeke
Fundi unatisha watu. Mpira mwingi si usiku?

#7 Mchana Kweupe
#6 siyo wote. Mechi za Uingereza za saa 9 alasiri kwao, huku ni saa 11 jioni wakiwa kwenye saa za kiangazi, na saa 12 jioni baada ya kurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Jua la Dar linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 hivi, kutegemea mwezi. Kwa hiyo Agosti na Septemba kipindi cha kwanza chote cha mechi ya Jumamosi kiko kwenye mwanga, na cha pili kinaanza kabla jua halijazama. Ligi yetu nayo ina mechi za saa 10. Usiku kweli ni Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, saa 4 au saa 5.

#8 Upepo wa Ilala
Nimesoma sehemu nyingi kwamba TV ya nje ielekezwe kaskazini ili ikwepe jua. Kibaraza Kimara, huna ukuta unaoangalia kaskazini?

#9 Hesabu Kwanza
#8 huo ushauri ni wa Ulaya na Marekani. Kwao jua la saa sita mchana liko kusini mwaka mzima, ndiyo maana kaskazini ni salama. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Hapa jua la saa sita linakuwa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, miezi 7. Miezi 5 iliyobaki linakuwa kusini. Kama ni kuchagua, kusini kuna nafuu kuliko kaskazini. Na kwa sisi tuliokaribia ikweta jua la mchana liko utosini, paa linalizuia. Adui ni mashariki asubuhi na magharibi jioni.

#10 Upepo wa Ilala
Asante, sikulifikiria hilo. Nilinakili tu.

#11 Dada wa Kigamboni
Mnasahau chumvi. Mimi niko karibu na bahari, naisikia usiku nikilala. Niliweka 65 ya ndani kwenye banda la makuti, haikunyeshewa hata tone. Mwaka wa pili matundu ya nyaya yaliota kutu ya kijani, sauti ikaanza kukwaruza, kisha picha ikakata. Fundi alipofungua alinionyesha bodi imeliwa kama bati la choo cha zamani.

Kwa hiyo mimi nilibadilisha swali. Sikuuliza tena ni ukubwa gani unaonekana vizuri, niliuliza ni ukubwa gani naweza kuuingiza ndani kila usiku bila kuita vijana. Jibu likawa 43 kwenye meza ya magurudumu. Wageni wanasogea. Shemeji wa #1 hajakosea sana.

#12 Mama Wawili Tabata
Dada wa Kigamboni pole sana. Ila wewe unakaa na watu wangapi? Yeye ana 12 na mzee.

#13 Dada wa Kigamboni
Tuko watano. Sawa, hapo umenishika.

#14 Nyamachoma Sinza
Nina sehemu ndogo ya nyama choma, meza 9 chini ya mwembe. Nilianza na 75 moja. Waliokaa katikati walifurahi, wa pembeni walikuwa wanaona rangi zimefifia kama picha iliyooshwa. Baadaye nikaelezwa kuna aina ya vioo ambavyo ukivitazama kwa upande vinapoteza rangi. Nikaiuza nikanunua 50 mbili, moja kila kona. Tangu hapo hakuna anayegombea kiti.

Jambo la pili ni kizimba. Mimi nimechomelea cha nondo chenye mlango na kufuli, na kizimba ndicho kinachoamua ukubwa. Ukichomelea cha 55 halafu ukaja kutaka 65, unaanza upya. Chomelea kikubwa kuliko TV, acha nafasi ya shibiri kila upande ipumue. Na kuna nchi 65 ambayo fremu yake ni nyembamba inaingia kwenye kizimba cha zamani cha nchi 60.

#15 Mwana Temeke
Mkuu nchi ni Tanzania, hizo ni inchi. 😀 Lakini hoja ya TV mbili nimeielewa.

#16 Fundi Dari
Naunga mkono #14 kwa biashara. Kwa nyumbani TV mbili ni ving'amuzi viwili au kugawa waya wa HDMI, na ukigawa vibaya sauti ya moja inachelewa. Nusu ya uani wanashangilia goli, nusu bado wanasubiri kona ipigwe. Nimeitwa kurekebisha hilo mara nyingi.

#17 Mtu wa Antena
Hakuna aliyeuliza picha inatoka wapi. Chaneli nyingi kwenye ving'amuzi vyetu bado zina mistari 576, siyo HD. Picha hiyo ukiitandaza kwenye 75 na kukaa mita 3, nyasi zinakuwa uji na nyuso za wachezaji zinayeyuka. Ndiyo maana wengine wananunua TV kubwa halafu wanasema ni feki. TV haina kosa, chakula unachoipa ndicho kibovu.

Nakushauri 55, isizidi hapo, mpaka uhamie kwenye kifurushi chenye HD.

#18 Hesabu Kwanza
#17 uko sahihi kwa viti vya mbele, si kwa benchi la nyuma. Jicho zima linaacha kutofautisha mistari 576 ukifika kimo mara 6 hivi. Kwa 65 hiyo ni karibu mita 4.9. Baba yake aliye mita 6.5 hataona ubovu wowote. Watakaoumia ni watoto walio mita 3.

Vilevile kwa 4K, yaani picha yenye nukta mara nne ya HD kamili. Faida yake juu ya HD kamili inaisha ukivuka kimo mara 3, ambayo kwa 65 ni mita 2.4. Hata kiti chake cha kwanza kiko nyuma ya hapo. Asilipie 4K kwa sababu ya 4K, ingawa siku hizi TV kubwa karibu zote zinakuja nayo.

#19 Mtu wa Antena
Basi wa mbele waone uji na wa nyuma waone vizuri? Watoto nao ni watu. Nabaki na 55.

#20 Kijana wa Mbagala
Kwa nini msimwambie anunue projeta? Kitambaa cha inchi 100, mjadala umekwisha. Mtaani kwetu CHAN iliyochezwa 2025 tuliangalia hivyo, mtaa mzima.

#21 Fundi Dari
Usiku, ndiyo, na ni raha kweli. Lakini projeta ya lumeni 3,000 ikimwaga mwanga wote kwenye kitambaa cha inchi 100 inakupa kama lux 1,000 juu ya kitambaa. Saa 11 jioni kivuli chenyewe kina maelfu. Picha inamezwa. Pia upepo wa kusi ukiingia, kitambaa kinapumua na goli linapinda.

#22 Kijana wa Mbagala
Sisi tulifunga kitambaa kwenye fremu ya mbao na kuanza saa 1 usiku. Haikupinda.

#23 Jirani wa Ubungo
Naomba niongeze kitu kimoja ambacho sijakiona: mijusi. TV ya nje ina joto nyuma na wadudu mbele, mjusi hahitaji kingine. Wangu aliingia kwenye matundu ya hewa, akalala kwenye bodi ya umeme, asubuhi nikawasha ikalia "pa!" na harufu ikatoka. Tuliifungua tukamkuta. Weka wavu laini wa dirisha nyuma, uwe mbali kidogo na matundu ili hewa ipite.

#24 Mama Wawili Tabata
Kwetu ni kumbikumbi. Vuli mvua ikikatika jioni, wanajaa kwenye kioo hadi huwezi kujua mpira ni upi. Tunawasha taa kali upande wa pili wa uani, wanahamia huko. Watoto wanawaokota, bibi yao anawakaanga.

#25 Mwana Temeke
Mama Wawili umenikumbusha Tukuyu. Uzi umehama lakini sina neno.

#26 Kibaraza Kimara
Nimerudi wakuu, nawashukuru wote. Majibu: ukuta siwezi kuhamisha, wa kusini ni wa jirani. Naweza kushusha turubai upande wa magharibi jioni. Bahari iko mbali na sisi. King'amuzi kina HD kwenye chaneli za mpira tu. Mijusi ipo, mingi. Kizimba sitaweka, tuna geti.

Bado nasita kati ya 55 na 65. Shemeji ameongeza hoja: 65 itaonekana kama baa.

#27 Mama Wawili Tabata
Kaka, usinunue kwa maneno. Chukua kanga ya mama watoto. Kanga moja ina upana wa karibu sm 150 na kimo cha sm 110. 65 ni sm 144 kwa 81. Kunja kanga kwa juu zaidi kidogo ya shibiri, itundike ukutani pale pale, hiyo ndiyo 65 yako. Kwa 55 kunja mpaka ibaki sm 122 kwa 68. Kwa 75 kanga moja haitoshi, tumia doti ambayo hamjaikata. Halafu kaeni wote kwenye viti vyenu jioni moja.

#28 Fundi Dari
Miaka yote hii nakata maboksi. Dada, hii naichukua.

#29 Kibaraza Kimara
Tumefanya jana. 55 ukutani ilionekana ndogo, hata mke wangu alishangaa, kwa sababu sebuleni tunayo hiyo hiyo na inajaza ukuta. 65 ilikaa vizuri. Watoto wanataka 75.

Halafu mzee akasoma jina la kanga kutoka benchi la nyuma bila shida: "Nani kama mama". Kwa hiyo naona hata 55 anaweza.

#30 Hesabu Kwanza
Mkuu, hiyo kanga mzee hakuisoma, anaijua. Nani asiyeijua? Nimepima kwa rula 55 yangu: tarakimu za matokeo zina kimo cha sm 2.5 hivi. Kwenye 43 zitakuwa sm 2, kwenye 65 sm 3, kwenye 75 karibu sm 3.4. Andika namba kwa kalamu nyeusi kwenye boksi kwa vipimo hivyo, wewe ubadilishe bila yeye kujua, akutajie.

#31 Kibaraza Kimara
Nimemaliza sasa hivi. Sm 2 hakupata hata moja. Sm 2.5 alipata moja kati ya tano. Sm 3 alipata tatu, akikunja uso. Sm 3.4 alipata nne. Mimi mwenyewe nilikaa pembeni yake, nilisoma zote.

#32 Nyamachoma Sinza
Basi ni 75. Muuzaji wa Kariakoo kashinda.

#33 Mtu wa Antena
Au mzee akae mita 4 na jiko lihamishwe. Moshi ndio uliomsukuma nyuma, si TV.

#34 Mama Wawili Tabata
Ngojeni kwanza. Hesabu Kwanza, mtu mwenye macho mazima anasoma kimo gani kwa mita 6.5?

#35 Hesabu Kwanza
Kama sm 1.

#36 Mama Wawili Tabata
Kaka Kibaraza, baba anashindwa herufi zilizo kubwa mara mbili na nusu ya hiyo, na mara tatu anabahatisha. Hapo tunazungumzia inchi wakati tatizo linaweza kuwa miwani, au mtoto wa jicho. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, tukawa tunasogeza TV karibu kila mwaka tukidhani ni uzee. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, siku ya pili akatuuliza kwa nini ukuta wa sebule ni mchafu. Mpelekeni apimwe, CCBRT pale Msasani wana kliniki ya macho. TV itasubiri.

#37 Fundi Dari
Dada amesema. Ila hata akipata miwani, jua la magharibi litabaki pale pale.

#38 Kibaraza Kimara
Nimekaa na huu ujumbe muda. Mwaka huu mzee amejikwaa mara mbili kwenye ngazi ya jikoni na tulimlaumu kwa haraka yake. Jumatatu nampeleka. TV nasimamisha mpaka nijue.

#39 Mwana Temeke
Mungu amjalie mzee. Ukirudi tupe habari zake kwanza, za inchi baadaye.

#40 Upepo wa Ilala
Amina. Na ukinunua kabla ya AFCON ya 2027 inayokuja hapa kwetu, Kenya na Uganda, bado muda upo, pima tena na miwani. Namba zote zitabadilika.

#41 Mtu wa Antena
Zikibadilika mtaona 55 inatosha.

#42 Nyamachoma Sinza
75.